Mgongo wa Kifungo

Neno kifungo katika Kiswahili lina maana mbili mashuhuri. Ya kwanza ni kile kidude kidogo kinachoshonwa kwenye nguo ili pande mbili zikutane. Ya pili ni adhabu ya mtu aliyetiwa gerezani. Maana zote mbili zimezaliwa na kitenzi kimoja, kufunga. Kifungo cha metali kilicholala ardhini miaka mia mbili kinazibeba zote kwa pamoja: ni pambo la vazi lililokwisha kuoza, na ndani yake imefungwa tarehe, inayomngojea mwenye ufunguo.

Nguo haidumu. Pamba, sufu, kitani na hariri huliwa na unyevu na wadudu, na mwili ulioivaa nguo hiyo nao hurudi udongoni. Husalia metali. Ndiyo maana, katika mashamba ya Uingereza, miongoni mwa vitu vinavyookotwa mara nyingi na watu wanaotembea na vigunduzi vya metali ni vifungo. Wengi huvitazama mara moja, wakavitia mfukoni pamoja na misumari na vipande vya risasi, kwa kuwa havina thamani sokoni. Mtazamo huo ni wa haraka. Sarafu hutaja mfalme. Kifungo humtaja mtu wa kawaida, yule ambaye jina lake halikuandikwa popote ila labda katika daftari la ubatizo na la mazishi. Historia ya mtu huyo ikipotea kwa uzembe, hakuna hati nyingine itakayoirudisha.

Chombo chenyewe cha kugundulia si cha kale. Mwaka 1881 Alexander Graham Bell alijaribu kutumia kifaa cha umeme kuitafuta risasi iliyokuwa mwilini mwa Rais James Garfield wa Marekani, asifanikiwe. Katika Vita vya Pili vya Dunia, Mpolandi Józef Kosacki alibuni kigunduzi cha mabomu ya ardhini kilichotumika El Alamein mwaka 1942. Baada ya vita, vifaa vilipokuwa vyepesi na bei yake kushuka, chombo cha askari kikageuka kuwa chombo cha burudani. Hivyo udongo uliokuwa ukilimwa kwa karne nyingi ukaanza kutoa siri zake kwa watu wasiokuwa wanachuoni, na swali likawa moja: kitu hiki ni cha lini?

Jibu la kwanza limo katika namna kifungo kilivyotengenezwa. Vifungo vya metali vya zama za kati, na vile vya karne ya 16 na ya 17, aghalabu ni vidogo, vinene, na uso wake umeinuka kama kuba. Fundi alikuwa akiyeyusha aloi ya shaba, au mchanganyiko wa bati na risasi, kisha akaisubu katika kalibu. Mara nyingi kitanzi cha nyuma, kile kinachopitishwa uzi, kilisubiwa pamoja na kifungo chenyewe, kikawa kitu kimoja nacho. Mstari mwembamba unaoonekana ubavuni ni kovu la mahali ambapo nusu mbili za kalibu zilikutana. Kifungo cha aina hii hakina maandishi, na tarehe yake haiwezi kutajwa kwa mwaka. Hutajwa kwa karne.

Katika karne ya 18 sura ilibadilika. Kifungo kikawa bapa, kikawa kipana, kikawa cha kujionyesha. Ndipo ilipoenea tombaki, aloi ya shaba na zinki iliyotiwa aseniki kidogo ikawa nyeupe kama fedha. Vifungo vya tombaki hutoka ardhini vikiwa visafi ajabu, wakati vifungo vya shaba vilivyolala jirani yake vimevaa kutu ya kijani. Waya wa kitanzi chake ulikitwa katika metali ingali moto, na kwa hiyo hutokeza kwenye kilima kidogo chenye umbo la pia. Kilima hicho pekee chatosha kumwambia mwenye kujua kwamba kitu alichokishika ni cha karne ya 18. Kuelekea mwisho wa karne hiyo vifungo vya makoti ya waungwana vilikua mpaka vikakaribia upana wa sarafu kubwa kabisa za wakati huo, na nyuso zake zikachorwa nyota, miali na maua. Bapa pana la shaba ambalo kitanzi chake kimelehemiwa nyuma, bila kilima, ni la nusu ya pili ya karne hiyo au miongo ya mwanzo ya karne ya 19.

Mabadiliko haya hayakuletwa na mitindo peke yake. Mji wa Birmingham ulikuwa umekwisha kuwa karakana ya dunia kwa vitu vidogo vya metali. Matthew Boulton, mtu aliyezaliwa mwaka 1728 katika nyumba ya biashara hiyo, alijenga kiwanda cha Soho katika miaka ya 1760. Humo vifungo vilitengenezwa kabla jina lake halijaunganishwa na la James Watt na injini ya mvuke. Kazi iligawanywa: huyu akata bapa, yule apiga chapa, mwengine alehemu kitanzi, na wanawake na watoto wakapanga na kufunga kwenye kadi. Kifungo kilichokuwa kazi ya mkono mmoja kikapita katika mikono mingi, na kwa kupita huko kikapata alama nyingi.

Alama zenye manufaa zaidi zipo mgongoni. Uso wa kifungo hutengenezwa kwa ajili ya mtazamaji. Mgongo hutengenezwa kwa ajili ya soko na sheria. Mwaka 1796 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuzuia udanganyifu katika vifungo vya metali, kwa kuwa watu walikuwa wakiuziwa shaba iliyong'arishwa kwa jina la dhahabu. Kifungo chenye neno GILT mgongoni chadai kuwa kimetiwa dhahabu. Chenye PLATED chadai kuwa kimefunikwa kwa fedha. Baadaye ushindani ukaleta majigambo: dhahabu maradufu, dhahabu mara tatu, rangi bora, rangi ya hali ya juu. Maneno hayo ya kujisifu, yaliyopangwa kwa duara kukizunguka kitanzi, humwonyesha msomaji miaka ya mwisho ya karne ya 18 na nusu ya kwanza ya karne ya 19.

Dhahabu hiyo ilikuwa na gharama isiyoandikwa mgongoni. Ilichanganywa na zebaki, ikapakwa juu ya shaba, kisha ikachomwa mpaka zebaki iondoke kwa mvuke na dhahabu isalie. Mvuke ule uliingia katika mapafu ya waliokuwa wakifanya kazi, ukawatetemesha viungo na kuwafupishia maisha. Mwaka 1840 Elkington wa Birmingham alipata hataza ya kuchovya metali kwa nguvu ya umeme, na taratibu zebaki ikaanza kuachwa. Kifungo kinachong'aa mkononi mwa mwokotaji huenda kikawa ndicho kumbukumbu pekee iliyosalia ya mfanyakazi aliyedhurika kwa kukitengeneza.

Hatua nyingine zina miaka inayojulikana vizuri. Mwaka 1813 Benjamin Sanders alianza kutengeneza kifungo cha magamba mawili yaliyobanwa ukingoni, na mwaka 1825 mwanawe akapata hataza ya kitanzi cha kitambaa badala ya waya. Kifungo chenye tumbo tupu na ukingo uliokunjwa, kwa hiyo, ni vigumu kukipeleka nyuma ya miaka hiyo. Tangu 1842 hadi 1883 michoro iliyosajiliwa Uingereza ilipewa alama ya almasi, ambayo herufi na tarakimu za pembeni zake hutaja siku, mwezi na mwaka wa usajili. Kifungo kilichobahatika kuwa na alama hiyo husema tarehe ya mchoro wake bila kubahatisha. Tena kuna majina ya watengenezaji na anwani zao. Kampuni zilibadilisha washirika, zikahama mtaa, zikaongeza mwana au kumwondoa ndugu. Na madaftari ya biashara ya London na Birmingham yalichapisha mabadiliko hayo. Jina na mtaa vikilinganishwa na madaftari, miaka hamsini ya kukisia hupungua ikawa kumi, au pungufu ya hapo.

Vifungo vya askari vina elimu yake. Amri ya mwaka 1767 iliagiza kila rejimenti ya askari wa miguu wa Uingereza itie nambari yake katika vifungo. Maofisa walivaa vya fedha au vya dhahabu. Askari wa kawaida walivaa vya bati na risasi, mpaka mwaka 1855 vilipobadilishwa vikawa vya shaba ya manjano. Mwaka 1871 nambari ziliondolewa kwa askari wa kawaida, wakapewa kifungo kimoja kwa wote chenye nembo ya kifalme, simba upande mmoja na farasi mwenye pembe moja upande wa pili. Maofisa walibaki na nambari zao hadi mageuzi ya mwaka 1881, rejimenti zilipopewa majina ya majimbo. Askari wa kawaida hawakurudishiwa alama za rejimenti zao mpaka mwaka 1924. Kwa wanamaji, nanga ilipata taji juu yake mwaka 1812. Nanga isiyokuwa na taji katika kifungo cha ofisa wa jeshi la wanamaji ni ya kabla ya hapo.

Taji lenyewe ni saa. Lile lenye matao yaliyopinda juu bila kubonyea katikati lilitumika katika zama za wafalme, tangu 1901 hadi 1952. Alipotawazwa Elizabeth wa Pili taji likabadilika, matao yakabonyea katikati, na likadumu hivyo hadi 2022. Mfalme Charles wa Tatu alichagua kurudia umbo la zamani. Hapo pana mtego kwa vizazi vijavyo: kifungo cha leo na cha mwaka 1916 vyaweza kuwa na taji linalofanana, na atakayetazama uso tu atakosea kwa zaidi ya karne. Atakayegeuza mgongo, akasoma jina la kiwanda na kutazama kitanzi, atanusurika.

Elimu yote hiyo yafaa ichukuliwe kwa hadhari, kwa maana mwaka wa kutengenezwa si mwaka wa kupotea. Kifungo cha dhahabu cha mwaka 1800 kiliweza kuvaliwa na bwana, kisha koti likapewa mtumishi, likauzwa mitumbani, likamfikia mvunaji wa shamba katika mwaka 1840, na kifungo kikakatika wakati anafunga mganda. Sare za jeshi zilizochakaa ziliuzwa kwa raia. Zaidi ya hayo, matambara na taka za miji zilibebwa kwa mikokoteni na kumwagwa mashambani kuwa mbolea, na vifungo vikaenda nazo. Kwa hiyo kifungo kilichookotwa katika shamba la kijiji huenda hakikuvaliwa kijijini hapo kamwe. Kinachoweza kusemwa kwa uhakika ni kwamba udongo uliokifukia haukukifukia kabla ya kutengenezwa kwake. Hiyo ni habari ndogo, lakini ni ya kweli. Na kidogo si haba.

Ndipo inapoonekana thamani ya mahali. Mwaka 1984, baada ya moto wa nyika kuunguza majani katika uwanja wa Little Bighorn nchini Marekani, mahali walipopigana askari wa Custer na Wahindi Wekundu wa Lakota na Cheyenne mwaka 1876, wanaakiolojia walipita na vigunduzi vya metali wakiwa wamejipanga kwa safu. Kila risasi, kila ganda, kila kifungo kilitiwa alama mahali kilipolala kabla ya kuondolewa. Ramani iliyopatikana ilionyesha mwenendo wa mapigano ambao mashahidi wa Kizungu hawakubaki hai kuusimulia, na ikasadikisha mengi katika masimulizi ya wapiganaji wenyeji yaliyopuuzwa kwa miaka mia moja. Mwaka 2001, huko Vilnius, Lithuania, wajenzi walikuta kaburi la pamoja la watu zaidi ya 3,000. Nguo zilikuwa matambara, majina hayakuwapo. Lakini vifungo vyenye nambari za rejimenti vilidhihirisha kwamba hao ni askari wa Napoleon waliokufa kwa baridi, njaa na maradhi walipokuwa wakirudi kutoka Urusi mwaka 1812. Vifungo vile vingechukuliwa kimoja kimoja na kutiwa chupani, visingesema lolote ila bei yake.

Sheria haijakimbia mwendo huo. Katika Uingereza na Wales, Sheria ya Hazina ya mwaka 1996 hutazama zaidi dhahabu na fedha ya kale, na mpango wa kuandikisha vitu vinavyookotwa na raia, ulioanza mwaka 1997, kwa kawaida hujishughulisha na vitu vilivyozidi miaka mia tatu. Kwa kipimo hicho kifungo cha fundi wa Birmingham, na cha askari aliyepigana na Napoleon, vyote ni vichanga. Vyaweza kuachwa bila kuandikwa. Nchini Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliweka mpaka wake katika mwaka 1863, ikataka kibali kwa anayechimba kutafuta vitu vya kale. Popote mpaka unapowekwa, kujua tarehe ya kifungo si mchezo tena wa wapenda vikale: ndiko kunakoamua kama kitu ni urithi au ni takataka.

Jambo hilo laigusa Afrika Mashariki pia, kwa kuwa majeshi yaliyokuja huku yalikuja na vifungo vyao. Novemba 1914 kikosi cha rejimenti ya Loyal North Lancashire kilikuwamo katika jeshi lililotoka India na kushindwa mjini Tanga na askari wa Von Lettow-Vorbeck. Februari 1916 palipiganwa Salaita, karibu na Taveta. Kifungo cha simba na farasi wa pembe moja kikionekana katika ardhi ya namna hiyo, chaweza kusema kwamba kilipigwa chapa baada ya 1871, na taji lake laweza kuongeza kwamba ni baada ya 1901. Hakiwezi kutaja rejimenti, kwa sababu tangu 1871 hadi 1924 askari wa kawaida walinyimwa alama hiyo. Kilichobaki kusema ni mahali kilipolala na vitu vilivyokizunguka. Akija mtu akaking'oa bila kuandika alipokitoa, amekata ulimi wa mwisho wa shahidi huyo.

Tena wapo wasaidizi wema wanaoharibu kwa nia njema. Katika nyumba nyingi za Pwani sinia la shaba husuguliwa kwa ukwaju na majivu mpaka likang'aa kama jua la asubuhi, na sinia hufurahi. Kifungo cha kale kikisuguliwa hivyo, asidi ya ukwaju hula kutu na kubandua utando wa dhahabu, na majivu hufuta herufi zilizokuwa na kina cha unywele. Kitatoka king'aavu, na bubu. Maji safi kidogo, kijiti laini, na taa inayomulikwa kutoka ubavuni ili herufi zitupe vivuli, vinatosha kwa kusomea mgongo.

Lakini hata akikisoma vizuri kila kifungo kilichomo ardhini, msomaji wa vifungo hatamaliza historia ya vita hivyo. King's African Rifles, iliyoundwa mwaka 1902, iliwavika askari wake sare, na sare huacha metali. Nyuma ya kila askari palikuwa na wapagazi, na katika vita vya 1914 hadi 1918 walihesabiwa kwa mamia ya maelfu: watu wa bara na wa pwani waliobeba unga, risasi na majeruhi kwa vichwa na mabega, wakafa kwa kuhara, kichomi na uchovu kuliko kwa bunduki. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, limesalia Dar es Salaam katika mtaa wa Kariakoo, na hata huko wengi hulitamka wakiwaza soko tu. Wengi wao walivaa shuka, kipande cha blanketi, au kaniki iliyofungwa kwa fundo. Fundo haliachi kitu ardhini. Kigunduzi kikipitishwa juu ya makaburi yao kitanyamaza.

Hapo ndipo mpaka wa elimu hii. Kifungo humtetea mtu wa kawaida asiyeandikwa, lakini humtetea yule tu aliyepewa kifungo. Kila kinachookotwa kinastahili kuandikwa mahali pake, kugeuzwa, na kusomwa mgongoni kwa subira, kwa kuwa ni ushahidi usiopatikana mara mbili. Na pale ambapo udongo hauna metali ya kutoa sauti, ushahidi hutafutwa penginepo: katika nyimbo za wabeba mizigo, katika majina ya mitaa, katika kumbukumbu za wajukuu. Ukimya wa chombo si ushahidi kwamba mahali hapo hapakupita mtu.